Baada ya Karandinga

Katikati ya miaka ya 1960, mtu akianguka ghafla nyumbani kwake mjini Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, ndugu zake walipiga simu polisi. Hakuna aliyekuwa ametenda kosa, ila polisi ndio waliokuwa na gari. Karandinga lilelile lililozoa walevi Jumamosi usiku lilipaki mlangoni, wakashuka askari wawili, wakamlaza mgonjwa kwenye machela ya turubai, wakamsukumia nyuma, wakafunga mlango, kisha wote wawili wakarudi mbele kwenye viti vyao. Huko nyuma mgonjwa alibaki peke yake na kona za barabara. Kama damu ilikuwa inamtoka, iliendelea kumtoka. Kama ulimi umemziba koo, aliendelea kuzibwa. Kazi ya askari ilikuwa kufika hospitali haraka, na kwa hakika walifika haraka, kwa sababu barabara za Pittsburgh walizijua na hakuna aliyethubutu kuwafungia njia.

Tusiwalaumu watu wa Pittsburgh peke yao. Kwingineko nchini humo hali ilichekesha kama si kuliza. Taarifa iliyotolewa mwaka 1966 na Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani ilieleza kwamba karibu nusu ya huduma zote za kubeba wagonjwa zilikuwa mikononi mwa wenye kampuni za mazishi, wapatao 12,000, kwa sababu gari la jeneza lina urefu wa kutosha mtu kulala. Mwenye gari la namna hiyo hakosi mteja: ukipona utalipa nauli, usipopona jamaa zako watalipa sanduku. Taarifa hiyohiyo ilihesabu kwamba mwaka 1965 ajali za kila aina ziliua Wamarekani 107,000 na kuwaacha wengine 400,000 na ulemavu wa kudumu. Tena ikanukuu wataalamu waliotoka vitani Korea na Vietnam wakisema kwamba, wakijeruhiwa vibaya, afadhali iwe kule kwenye uwanja wa mapambano kuliko katika mtaa wa kawaida wa mjini. Vitani kulikuwa na mtu wa kukufunga jeraha palepale ulipoangukia, na helikopta ya kukutoa. Mjini kulikuwa na karandinga.

Kwa wakazi wa Hill District mkasa ulikuwa mara mbili. Hill ni mtaa wa Weusi uliokaa juu ya kilima, kati ya katikati ya jiji na Oakland, penye chuo kikuu na hospitali kubwa. Mwandishi wa tamthilia August Wilson alizaliwa hapo, na karibu tamthilia zake zote mashuhuri zimewekwa hapo. Zamani ulikuwa mtaa wa maduka, makanisa na kumbi za jazi zilizojaa mpaka alfajiri. Miaka ya 1950 jiji likaubomoa upande wa chini ili kujenga uwanja mkubwa wa ndani, na watu wapatao 8,000 wakahamishwa. Waliobaki walibaki na kazi chache, nyumba zilizochoka, na polisi wasiowapenda. Kupiga simu polisi usiku kwa sababu mama amezimia ilikuwa bahati nasibu: huenda wasije, huenda waje wamechelewa, na huenda wakifika waanze na maswali ambayo hayahusiani na mama. Hospitali zilikuwa pua na mdomo, na bado mtu angeweza kufa akizisubiri.

Katika mojawapo ya hospitali hizo alifanya kazi daktari mmoja wa nusukaputi, Peter Safar, mzaliwa wa Vienna. Ni huyu aliyeibadilisha dunia katika jambo ambalo leo tunaliona la kawaida kiasi kwamba hatuulizi lilitoka wapi. Kabla yake, mtu aliyeacha kupumua alilazwa kifudifudi akakandamizwa mgongo na kuinuliwa mikono, kwa imani kwamba hewa ingeingia na kutoka yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1950, akiwa Baltimore, Safar alichochewa na mwenzake James Elam kujaribu njia nyingine: kumpulizia mtu pumzi kwa mdomo. Jaribio lenyewe lilihitaji moyo mgumu. Watu waliojitolea walilazwa usingizi na kupewa dawa ya kulegeza misuli yote, wasiweze kuvuta hata pumzi moja kwa nguvu zao, na wengine wakawapulizia. Hawakufa. Pumzi anayoitoa mtu mmoja ina oksijeni ya kumtosha mwingine. Na waliopuliza hawakuwa madaktari tu. Safar aliwatumia makusudi watu wasio na ujuzi wowote wa tiba, wakiwemo askari wa zimamoto na hata vijana wa skauti, naye akaona kwamba ukimwonyesha mtu yeyote namna ya kulaza kichwa nyuma na kuinua taya ili ulimi uondoke njiani, ataifanya kazi hiyo sawasawa. Kutokana na hayo ikapatikana ile alfabeti ya huduma ya kwanza, A, B, C za Kiingereza: njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu. Mtengeneza midoli wa Norway, Asmund Laerdal, akatengeneza mdoli wa kujifunzia, na mdoli huyo ameshabusiwa na watu wengi kuliko mwanamke yeyote wa historia.

Naliweka jambo hili mapema kwa sababu ndilo ufunguo wa yote yanayofuata. Kabla hajakanyaga Hill, Safar alikuwa tayari ana ushahidi wake mwenyewe kwamba sehemu fulani ya udaktari haihitaji daktari. Inahitaji mtu aliyefundishwa vizuri, aliye karibu.

Alihamia Pittsburgh mwaka 1961. Mwaka 1966 msiba ukamfika nyumbani. Binti yake Elizabeth, bado mtoto, alibanwa na pumu wakati baba na mama wako safarini, na ingawa alifikishwa hospitali, ubongo ulikuwa umekosa hewa kwa muda mrefu mno. Baba aliyewafundisha walimwengu kurudisha pumzi alimzika mwanawe kwa kukosa pumzi. Novemba mwaka huohuo, David Lawrence, meya wa zamani wa Pittsburgh na gavana wa zamani wa Pennsylvania, alianguka jukwaani katika mkutano wa kampeni. Muuguzi aliyekuwa ukumbini alimhudumia, kisha likaja gari la polisi, na njiani huduma ikakatika. Hospitalini Safar na wenzake waliuamsha moyo. Ubongo haukuamka. Lawrence alikufa wiki mbili na siku kadhaa baadaye. Kama kuna mtu ambaye jiji lingemfanyia lolote alilohitaji, ni huyo. Karandinga halikujua cheo.

Mjini humohumo, mtu mwingine alikuwa anawaza magari. Phil Hallen alikuwa rais wa Maurice Falk Medical Fund, mfuko wa hisani, na ujanani aliwahi kuendesha gari la wagonjwa. Aliwajua viongozi wa Freedom House Enterprises, shirika la Weusi pale Hill lililoongozwa na James McCoy. Freedom House walisajili wapiga kura, waliwatafutia watu kazi, na walikuwa na biashara ya lori la kuzungusha mboga na matunda mitaani, kwa kuwa maduka yenye vyakula vibichi yalikuwa yameshakimbia. Hallen akafikiri: kama wanaweza kuzungusha kabichi, kwa nini wasibebe wagonjwa? Wazo lake la mwanzo lilikuwa dogo, usafiri wa kuwapeleka watu kliniki. Alipolipeleka hospitalini akaelekezwa kwa Safar, na Safar hakuwa mtu wa wazo dogo. Alitaka hospitali iingie barabarani kwa magurudumu. Akawapa mtaala aliouandika mwenyewe, wa saa zipatazo 300, wakati ambapo askari wa karandinga, kama alikuwa amesoma chochote, alikuwa na kozi ya huduma ya kwanza ya siku chache.

Wanafunzi walipatikana kwa kuwatafuta vijiweni. Mafunzo yalianza mwaka 1967. Wengi wao hawakuwa wamemaliza sekondari, baadhi walikuwa wametoka Vietnam, baadhi walikuwa wamewahi kufungwa. Magazeti yaliwaita watu wasioajirika. Wakapelekwa darasani kusoma mifupa, mishipa na mapafu, na waliokuwa hawana cheti cha sekondari wakasaidiwa kukipata humohumo njiani. Wakapelekwa chumba cha upasuaji, wodi na mochwari. Wakafundishwa kuendesha gari bila kumrusha mgonjwa, jambo ambalo wasafiri wa mabasi yetu wangelipigia makofi. Aprili 1968 mafunzo yakiwa bado mabichi, Martin Luther King aliuawa, na Hill ikawaka moto kwa siku kadhaa. Maduka mengi yaliyoungua hayakufunguliwa tena. Mwaka huohuo magari ya Freedom House yakaanza kazi kwa mkataba na jiji, yakihudumia Hill na Oakland.

Gari lenyewe linastahili kutazamwa kwa karibu. Safar alisisitiza kwamba kichwani pa mgonjwa pawe na nafasi ya mtu kukaa. Ukisikia hivyo utaona ni jambo dogo, mpaka ukumbuke lile karandinga lenye wawili mbele na mmoja nyuma. Anayekaa kichwani ndiye anayeshika taya, anayesikiliza pumzi, anayeona midomo ikigeuka rangi. Kila kifaa kilipangwa ili mtu huyo akifikie bila kusimama: mtungi wa oksijeni, pampu ya kunyonyea matapishi na damu kooni, mfuko wa kupulizia. Baadaye zikaja dripu, dawa, mashine ya kusoma mapigo ya moyo na ya kuushtua. Walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kubeba mtaani dawa ya naloxone, ile inayomwamsha aliyezidiwa na heroini, na Hill ya miaka hiyo ilikuwa na wateja wake.

Mwaka wa kwanza waliitikia simu karibu 5,800 na kubeba wagonjwa zaidi ya 4,600. Zinatajwa roho 200 zilizookolewa mwaka huo. Hesabu ya roho ni ngumu kuliko hesabu ya safari, kwa maana hujui nani angepona hata kwa karandinga, lakini madaktari waliopokea wagonjwa mlangoni waliona tofauti. Mgonjwa aliletwa anapumua. Tena aliletwa na maelezo: alikutwaje, mapigo mangapi, amepewa nini, saa ngapi.

John Moon, ambaye baadaye angekuwa sauti ya kundi hili, alikuwa mhudumu wa wodi hospitalini, mtu wa kusukuma vitanda na kubadilisha mashuka. Siku moja waliingia vijana wawili Weusi waliovaa sare nyeupe, wakienda bila kuomba radhi, wakimweleza muuguzi kuhusu mgonjwa wao, naye anawasikiliza. Moon ameisimulia mara nyingi. Mtu Mweusi wa umri wake akitoa taarifa na Mzungu akiiandika: hilo hakuwa amelizoea. Alijiunga mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Nje ya Hill mapokezi yalikuwa mchanganyiko. Walikuwapo wagonjwa Wazungu waliokataa kuguswa, wakataka wangojewe polisi. Walikuwapo askari waliowaona wezi wa kazi yao, wakawatangulia kwenye tukio na kumbeba majeruhi hobelahobela ili tu Freedom House wakute patupu. Vijana nao wakajifunza kusikiliza redio ya polisi na kuwahi kufika. Kuna kichekesho cha uchungu katika picha hiyo ya magari mawili ya jiji moja yakishindana mbio kwa mtu anayetokwa damu, moja likiwa na dawa na jingine likiwa na pingu.

Mwaka 1974 Safar akawakabidhi vijana kwa daktari mkurugenzi mpya. Nancy Caroline alikuwa na umri wa miaka 30, mzaliwa wa Massachusetts, bingwa anayechipukia wa wagonjwa mahututi, mwanamke mdogo wa umbo katika kituo kilichojaa wanaume waliokuwa wameona mengi kuliko yeye mitaani. Hakuanza kwa hotuba. Alipanda nao magari usiku, akawatazama wanavyofanya, akasoma kila ripoti ya kila safari na kuirudisha na maswali. Kwa nini dripu hii? Ulimsikiliza mapafu kabla au baada? Akiwa nyumbani aliacha redio wazi, asikie. Vijana walimwogopa, kisha wakampenda, na ukiniuliza mimi nitasema mpangilio huo ndio bora kwa mwalimu.

Kitu kimoja alichowafundisha kinaonyesha umbali walioufikia. Mgonjwa asiyepumua huweza kupuliziwa kwa mfuko, lakini sehemu ya hewa huingia tumboni, tumbo hujaa, matapishi hupanda na kushuka mapafuni. Suluhisho ni mrija unaopita katikati ya nyuzi za sauti hadi kwenye koo la hewa. Unashika kwa mkono wa kushoto kifaa chenye taa na ubapa wa chuma, unauingiza upande wa kulia wa ulimi, unausukuma ulimi kushoto, kisha unainua bila kuegemeza kwenye meno, maana ukiegemeza unayavunja. Kwa sekunde chache unaona nyuzi mbili nyeupe na tundu jeusi katikati. Mrija lazima upite hapo. Ukikosea unaingia njia ya chakula, na kila pumzi utakayopuliza itamkaribisha mtu kaburini. Ukishapita, unajaza kiputo cha kuushikilia, unasikiliza kulia, unasikiliza kushoto. Miaka hiyo kazi hiyo ilikuwa ya daktari wa nusukaputi, chini ya taa kali, na mgonjwa amelazwa kwenye meza ya kimo cha daktari. Moon na wenzake waliifanya sakafuni, kati ya kochi na televisheni, huku watoto wanalia chumbani.

Wako watakaosema Freedom House hawakuwa wa kwanza. Huko Belfast, Frank Pantridge alishatoa gari lenye mashine ya kushtua moyo mwaka 1966, ila ndani ya gari alikaa daktari. Miami, Seattle na Los Angeles zilikuwa na askari wa zimamoto waliofundishwa mambo hayohayo karibu wakati mmoja, na California ikawatungia sheria mwaka 1970. Mwaka 1972 televisheni ya Marekani ikaanza kuonyesha tamthilia kuhusu wazimamoto hao wa Los Angeles, na kuanzia hapo kila Mmarekani akajua mtoa huduma ya dharura anafananaje: Mzungu, mrefu, amevaa kofia ya zimamoto. Ubishi wa nani alitangulia hauna utamu kwangu. Linalonivuta ni kwamba serikali ya taifa ilipotaka mtaala mmoja wa kuwafundisha wahudumu wa ngazi ya juu nchi nzima, kazi ilikwenda Pittsburgh kwa Nancy Caroline na Safar, na mtaala huo ulijaribiwa kwa vijana wa Hill. Kila aliyesomea kazi hii Marekani baada ya hapo alipita njia iliyokwanguliwa na nyayo zao, na karibu hakuna aliyeambiwa.

Sasa tuje kwenye siasa, kwa sababu ndiko kundi lilikofia. Pete Flaherty aliingia ofisi ya umeya mwaka 1970. Alikuwa Mdemokrati aliyeshinda kwa kuipiga vita mitandao ya chama chake mwenyewe, mbana matumizi, asiyependa mikataba aliyoirithi. Freedom House walikuwa mkataba aliourithi. Fedha za jiji zikawa zinachelewa, kisha zikapungua. Wakakatazwa kupiga ving'ora katikati ya jiji, eti makelele. Fikiria gari la wagonjwa likisubiri taa ya kijani.

Lakini kilichowamaliza hasa ni ubora wao. Wakazi wa mitaa ya Wazungu, yenye kodi nono, walianza kuuliza swali la haki kabisa: iweje mtu wa Hill aliyepatwa na mshtuko wa moyo apate huduma ya hospitali sebuleni kwake, na sisi tuletewe askari na machela? Jibu moja lilikuwa jepesi, kuwapa Freedom House jiji zima. Waliomba hivyo. Waliombewa hivyo. Jiji likachagua kuanzisha huduma yake mpya, kwanza likifikiria kuwatumia polisi wenyewe, na mwishowe likaunda idara ya raia chini ya serikali ya jiji. Freedom House ilifungwa tarehe 15 Oktoba 1975, baada ya miaka minane.

Caroline alipotakiwa kuusaidia mfumo mpya, alishikilia kwamba vijana wake waajiriwe wote na wasitenganishwe. Karatasini alikubaliwa. Kilichofuata hakikuhitaji kumfukuza mtu. Wakawekewa mitihani yenye mambo ambayo hawakufundishwa. Waliokuwa na rekodi ya polisi, hata ya zamani ambayo Freedom House ilishaisamehe, wakaenguliwa. Timu zikavunjwavunjwa, mmoja huku mmoja kule, chini ya wasimamizi Wazungu wenye uzoefu mdogo kuliko wao. Moon amesimulia jinsi watu waliokuwa wanaingiza mirija kooni mwezi mmoja nyuma walivyoamriwa wabebe mikoba na wasiguse mgonjwa. Wengi wakaacha. Mwishoni mwa miaka ya 1990, asilimia 98 ya wahudumu wa dharura wa Pittsburgh walikuwa Wazungu.

Nancy Caroline hakukaa kutazama. Mwaka 1977 alikwenda Israeli kuwa daktari mkurugenzi wa kwanza wa Magen David Adom, shirika la magari ya wagonjwa la nchi hiyo. Mwaka 1979 kitabu chake, Emergency Care in the Streets, kilichapishwa, kikiwa kimetokana moja kwa moja na yale masomo ya usiku pale Pittsburgh. Matoleo mapya bado yanatoka yakiwa na jina lake, na ndicho kitabu cha darasa cha wahudumu katika nchi nyingi.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, alikuja kwetu Afrika Mashariki. Alifanya kazi Nairobi na AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu wapasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, ili kuwafikishia tiba kwa ndege watu ambao barabara haikuwafikia. Daktari aliyezoea mgonjwa wa umbali wa dakika tano akajikuta na mgonjwa wa umbali wa saa mbili angani, ambaye taarifa zake zilipokelewa kwa redio ya sauti ya mikwaruzo kutoka kwenye misheni fulani jangwani. Msingi haukubadilika. Palepale mgonjwa alipoangukia lazima awepo mtu anayejua kushika taya, na mara nyingi mtu huyo ni mganga msaidizi, muuguzi wa zahanati au jirani. Kwa muda wote ndege iko njiani, huyo ndiye hospitali.

Hilo sisi tunalijua kwa vitendo kuliko Wamarekani. Wengi wetu majeruhi tuliowahi kuwaona barabarani walipakiwa kwenye bodaboda, teksi au pikapu ya polisi, na aliyewapakia alikuwa na nia njema na mikono mitupu. Tanzania, kupitia mpango wa m-mama, tumekubali ukweli huo na kuufanyia kazi: mama mjamzito akizidiwa kijijini hupigwa simu namba 115, na kama gari la wagonjwa haliko karibu, hutumwa dereva wa mtaani aliyesajiliwa, naye hulipwa. Ni hatua kubwa, na imeokoa kina mama. Bado dereva anakaa mbele na mama anakaa nyuma. Safar angeuliza ni nani amekaa kichwani.

Caroline alirudi Israeli, akaanzisha huduma ya kuwatunza nyumbani wagonjwa waliokaribia kufa kule Galilaya, akafa kwa saratani mwaka 2002. Safar alimfuata mwaka 2003. Mitchell Brown, aliyewahi kuwa kiongozi wa shughuli za Freedom House, alipanda ngazi mpaka akawa mkurugenzi wa usalama wa umma wa jiji la Columbus, Ohio. Wengine walirudi kwenye maisha ambayo hayaandikwi.

Moon alibaki. Alifanya ile mitihani, alibeba ile mikoba, akapandishwa cheo kidogokidogo hadi kuwa naibu wa mkuu wa huduma ileile iliyoimeza Freedom House, na alipofika huko akaanza kuwasaka vijana Weusi wa kuajiri, kama wenzake wa mwanzo walivyosakwa vijiweni. Mmoja wa aliowapata ni msichana anayeitwa Amera Gilchrist. Moon alistaafu mwaka 2009. Mwaka 2023 Gilchrist aliteuliwa kuwa mkuu wa huduma ya dharura ya Pittsburgh, mwanamke Mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo, na Hill District ikawa sehemu ya eneo lake la kazi.